Uso wa Mzee Lemaiyan

Al Amerat, 4 Oktoba 2024

Wesli,

Umekufa au umeoa mke wa pili? Kama umekufa, pole yako. Kama umeoa, hiyo si hoja. Wanaume huoa na bado wakaonekana kwa watu. Tangu siku ya tatu ya Idi Ndogo hujatia mguu kwangu. Idi Kubwa imepita, joto limekuja limetuchoma limekwenda zake, tende zimeanguliwa zimeliwa, kokwa zake zimepewa ngamia, weye huonekani. Simu nikipiga inalia mpaka inachoka yenyewe. Nikasema, basi, barua mtu haizimi. Binti yangu Khulood ndiye anayeandika, maana mie skuli sikutiwa, nilitiwa jikoni. Nimemwambia aandike kama ninenavyo, asinitengeneze. Aflah mwanangu atakuletea hapo Wattaya akienda kazini. Anapita kila siku mbele ya hayo magari yenu yanayong'aa, anasema hata yeye akikutafuta kwa macho hakuoni.

Nataka jambo moja nilijue. Siku ile ya Idi ulikuja, ukakaa na wanangu, ukala shuwa vizuri tu, nyama ya shimoni ikakutoka mafuta mpaka kwenye viwiko. Ukanawa. Ukenda ndani kuitazama ile sanamu uliyonipa siku ulipoaga kazi, yule mtu wa mti aliyechutama na kamba mkononi, tandiko la farasi ubavuni. Ukaikuta haina kichwa. Ukasimama. Mie nipo mlangoni nakutazama mgongo. Kisha ukageuka ukasema, "Bibi, asante kwa chakula." Ukenda zako.

Asante kwa chakula! Mimi na weye? Miaka yote uliyotuchungia ngamia kule izba, kwenye mazizi yetu, tumegombana kwa kila kitu. Kwa maziwa tumegombana. Kwa yule ngamia jike kichaa aliyemng'ata Aflah tumegombana, weye ukasema Aflah ndiye aliyeanza. Ulipochonga ng'ombe wako wa kwanza nikakwambia ngamia gani huyu miguu mifupi, ukanijibu, "Bibi, huyu ni ng'ombe wa Borana, na nundu yake inakuzidi akili." Mtu aliyewahi kunambia hivyo leo ananipa asante kwa chakula kama mgeni wa balozi.

Nnaumwa na magoti na nimechoka kungoja. Niandikie.

Bibi yako,
Mahbuba

———

Wattaya, 13 Oktoba 2024

Shikamoo Bibi,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Aflah. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Pole sana kwa magoti. Usiache kupaka ile dawa.

Si kwamba nimewasahau. Kazi imekuwa nyingi. Hapa tunaosha magari ambayo hayajawahi kuchafuka. Vumbi likiingia kidogo tu boss anataka yaoshwe tena, hata kama hakuna mtu amekuja kuangalia. Jioni nikifika chumbani nalala na viatu. Siku ya mapumziko nafua, naongea na Abigail na watoto kwa simu, imeisha. Na kuja huko Amerat bila gari ni shida, unajua mlima wenyewe.

Kuhusu sanamu, usiwe na wasiwasi. Nilikupa, ni yako. Mtu akipewa kitu anakifanyia anavyotaka. Mimi sina neno.

Mambo ya kuchonga nimeyaacha. Zile patasi nimempa fundi mmoja wa mbao kule Sidab, yeye ana kazi nazo. Mkataba wangu unaisha Februari na sitauongeza. Nitarudi Kenya. Nitapita kuwaaga nikipata nafasi.

Salamu kwa Khulood, Aflah na wote. Yule jike kichaa bado yuko?

Ni mimi,
Wesley

———

Al Amerat, 19 Oktoba 2024

Wesli,

Yupo, na kichaa kimezidi. Sasa anamng'ata kila anayevaa viatu vyeupe.

Barua yako amenisomea Khulood mara mbili, na mara ya pili nilimwambia asome polepole. Hiyo si barua yako. Hiyo ni barua ya mtu anayemwandikia polisi. "Mimi sina neno." Mtu asiye na neno hatoi patasi zake! Patasi zile ulilala nazo chini ya mto, ukizinoa kwenye jiwe la kisima mpaka jiwe likafanya bonde. Hakukufunza mtu, hukuwa na fundi. Umetoka ranchi ya watu kule Laikipia unajua kamba na farasi, ukaja kwetu ukajua ngamia, na hayo mengine mikono yako ilijifunza yenyewe nikiiona. Leo unaniambia umempa fundi wa Sidab kama mtu anayetoa viatu vilivyombana.

Kumbe umeudhika. Sasa kaa kitako nikwambie.

Unadhani nilimkata kichwa yule mtu kwa sababu simtaki. Khulood anasema ndivyo ulivyodhani, na mie nasema haiwezekani, Wesli amekaa nasi mno hawezi kuwa hajui. Anasema, mama, hajui, kwao wanaweka sanamu mpaka kanisani. Haya. Kama hujui, jua. Ningekuwa simtaki ningemwacha mzima! Ningemtupa kule banda la majani ya ngamia pamoja na farasi wako na ng'ombe wako wenye nundu, wakae huko na vichwa vyao, nani anawagusa? Mie nilimtaka ndani. Na ndani mwangu panasaliwa. Tulivyolelewa sie, nyumba yenye mfano wa kiumbe mzima malaika wa rehema hawaingii. Akikatwa kichwa anakuwa kama mti, na mti nani anaukataa? Ndiyo nikamwita Musallam seremala, nikamwambia, mkate kama unamnyoa bwana harusi, ukimkwaruza bega nakukata weye. Akakata vizuri. Nikaupiga msasa ule mkato kwa mkono wangu mwenyewe.

Sasa yuko pale ninapokaa, si kwa wageni, kwangu. Namfuta vumbi, namtia mafuta. Kikombe changu cha kahawa nakiweka juu ya tandiko lake. Ukimkuta mtu kakatwa kichwa nyumbani kwa Mahbuba, jua huyo kashapokelewa.

Sasa ushajua. Njoo ule.

Bibi yako,
Mahbuba

———

Wattaya, 2 Novemba 2024

Bibi,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nafikiria nikuandikie nini. Nimeanza barua hii mara kadhaa na kuitupa. Leo nitakuambia tu.

Asante kwa kunieleza. Kweli sikujua. Nilijua kwenu hakuna picha za watu ukutani, lakini wale farasi wangu hukuwahi kunikataza, kwa hivyo nilidhani sanamu hazina shida. Nilipoona imekatwa nilijua Bibi ameichukia, na kwa heshima hakuniambia. Nikaona aibu. Nikasema nisije tena nikamsumbua mama wa watu na vitu vyangu.

Lakini kuna kitu hata mimi sikukuambia. Nilisema nimekuchongea mchungaji. Hukuniuliza ni nani, nami sikusema. Yule ni Mzee Lemaiyan.

Nilipoingia ranchi sikuwa najua hata mbele na nyuma ya farasi. Yeye ndiye alikuwa mkubwa wa wachungaji. Alinifundisha kupanda, kurusha kamba, kumtoa ndama aliyekwama tumboni. Hakuwa mtu wa maneno. Ukikosea alikuwa anachutama tu vile, na kamba mkononi, anakuangalia mpaka unajua mwenyewe ulipokosea. Hakuwa na mke wala mtoto. Picha hakutaka kupigwa. Wazungu walikuja pale na kamera kubwa, yeye anageuka anawapa mgongo, anaangalia farasi. Alikufa mwaka wangu wa pili huku Oman. Nilipigiwa simu nikiwa izba, nakamua. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa na mgonjwa nyumbani.

Hapo ndipo nilianza kuchonga watu. Kabla yake nilikuwa nachonga wanyama kupitisha muda. Kiwiliwili chake hakikunisumbua, hata tandiko na kamba ni vitu mikono yangu inavijua. Uso ndio ulinila. Niliharibu magogo mengi, yote uliyapikia chai. Kila nikichonga anatokea mtu mwingine. Halafu siku moja nikapiga patasi nikaona ni yeye, ananiangalia. Niliogopa, Bibi. Niliweka chombo chini nikatoka nje.

Nilikupa wewe kwa sababu chumba ninacholala hapa tuko wengi na vitu vinapotea. Nikasema kwa Bibi atakuwa salama.

Sasa nikijaribu kumkumbuka, namkumbuka yule wa mti, si yeye mwenyewe. Na yule wa mti pia ameanza kunitoka. Nikifumba macho naona kofia tu. Ndiyo maana nilitoa patasi. Sikuwa nimekasirika. Nilishika mti mara moja baada ya Idi, nikaona hakuna kitu ndani yake, ni mti.

Naomba kitu kimoja. Kiwiliwili kaa nacho, nimefurahi sana kusikia kiko hapo unapokaa. Lakini nipe kichwa. Hata kama kimepasuka. Nitarudi nacho nyumbani. Kiko wapi?

Wesley

———

Al Amerat, 6 Novemba 2024

Wesli,

Kichwa hakipo. Sitakuzungusha.

Musallam alipokikata alinipa mkononi. Nikasema nikitie wapi? Jalalani sitii uso wa mtu, na takataka na mifupa ya samaki, hata kama ni mti. Kuzika, nitazika nini, nitafanya kaburi uani? Kumweka banda la majani, jike kichaa atamtafuna. Ilikuwa usiku wa kuamkia Idi, wanaume washachimba shimo la shuwa na kuni zimepangwa. Nikakifunga kanga mpya, nikenda mwenyewe na magoti yangu, nikakiweka juu ya kuni. Nilijua kuwa hakuna moto wenye heshima kuliko ule. Nyama imeshuka kwenye makaa yake siku ya Idi, ikatoka siku ya tatu.

Na weye uliila.

Khulood hapo kalamu imemsimama. Anasema, mama, hilo usimwandikie. Namwambia andika. Akilisikia kwa Aflah itakuwa vibaya zaidi.

Sikujua ni nani. Hukusema. Na mie sikuuliza, nimezoea kuwa watu wa mti hawana majina.

Mahbuba

———

Wattaya, 30 Novemba 2024

Bibi,

Nimepata barua yako.

Si hasira. Nimechoka tu. Nafanya kazi, nalala, nangoja Februari. Tafadhali usiniandikie tena, na Aflah asipite. Nikimwona inanibidi nijifiche nyuma ya magari na wenzangu wananicheka.

Mungu awabariki.

Wesley

———

Al Amerat, 16 Desemba 2024

Wesli,

Umesema nisiandike. Nimesikia. Naandika.

Siku hizi zote nimekaa na yule mtu wako asiye na kichwa tunatazamana, kama naye anatazama. Kahawa yangu nimeondoa juu ya tandiko lake. Nimeona si adabu, sasa kwa vile namjua jina. Nimezeeka, Wesli, na uzee haukuchoshi kwa magoti tu. Unakuchosha kwa kuwa umefanya jambo kwa mikono yako miwili na nia safi, na halirudi. Sina cha kukulipa. Ningeweza kukwambia nisamehe, nami nakwambia, nisamehe. Nimeshasema. Lakini msamaha wako utanifaa mie, weye hautakupa uso wa mzee wako. Nimefikiri mpaka kichwa kimeniuma, ndipo nikaliona hili.

Kabla sijamwita Musallam nilikaa na uso ule kutwa nzima. Hukulijua hilo, hata Khulood halijui, kaacha kuandika ananitazama. Andika, mwanangu. Nilikaa naye kwa sababu nilijua nitamkata, na huwezi kumkata mtu bila kumtazama. Nilimtaka radhi. Nikamtazama kama nilivyowatazama maiti wangu kabla ya kufunikwa. Na mie sijui kuandika, sina picha, kwa hivyo ninachokiona sina pa kukiweka ila humu mwangu. Kimekaa. Kaa kitako usikilize.

Jicho moja lilifinyika kuliko jingine, kama linalolikimbia jua. La kushoto. Zile nyusi hukuzichonga, ulizikwaruza tu kwa ncha, ukiweka mwanga ubavuni ndiyo zinaonekana. Pua ilikuwa ndefu imeinama kidogo. Ndewe za masikio zilikuwa zimetobolewa zikavutika. Ya kulia inaning'inia, ya upande wa pili umeipandisha juu ya sikio lenyewe kama mtu anavyopandisha mkono wa kanzu akitaka kutawadha. Hilo lilinichekesha, nikasema mzee huyu ana haraka ya kusali. Shavuni palikuwa na fundo la mti, na hukulitoa, ukaliacha likawa kama mtu aliyeficha kitu mdomoni. Mikunjo ya paji haikwenda sawa. Ilipanda upande mmoja, upande wa lile jicho zima, kana kwamba kaulizwa swali la kipumbavu. Na mdomo. Mdomo wa chini umetangulia wa juu, umefungwa, lakini haukubanwa. Nilikaa nao sana. Nikasema mtu huyu alitaka kusema, akaona haina haja, utajua mwenyewe.

Hayo sikuyajua kwa barua yako ya ranchi. Niliyajua Ramadhani, kwa macho haya.

Sasa sikiliza. Yanaweza kuwa si sawa. Mie mzee, macho yangu yana maji. Huenda ndewe iliyoning'inia ni ya kushoto, huenda pua haikuinama. Lakini nikikosea weye utasema, "Hapana Bibi, si hivyo." Pale utakaposema hapana, hapo ndipo atakapokurudia. Peke yako huna wa kumkatalia, ndiyo maana umebaki na kofia tu.

Nimefanya haya. Mkunazi wa izba, ule uliokauka karibu na kisima, nimewaambia waukate. Pande la chini, la unene wa kukumbatiwa, limelazwa banda la majani kivulini. Halina ufa. Musallam ataleta patasi zake na nyundo ya mbao. Kalalamika kidogo, nikamkumbusha nani aliyeshika msumeno. Na yule jike kichaa tumemfunga mbali.

Utamchonga na kichwa chake. Mie nitakaa mlangoni mwa banda juu ya kiti, nikwambie ninavyokumbuka, weye unikatalie, tugombane. Banda si nyumba, pale hapasaliwi. Malaika wana milango mingi ya kuingia kwangu, wataniwia radhi kwa banda moja la majani ya ngamia. Ukimaliza mchukue mzima, nenda naye Laikipia, akae pahala penye farasi. Wangu aliyekatwa utaniachia. Tushazoeana, na sasa tunajuana.

Ikiwa Februari itafika naye hajaisha, basi hajaisha, utaondoka na gogo lenye jicho moja. Hata hilo ni zaidi ya ulichonacho leo.

Najua Krismasi yenu imekaribia, na mapumziko yako ni Ijumaa. Basi Ijumaa hii, watu wakishatoka msikitini, Aflah atasimama mbele ya hayo magari na hataondoka mpaka uingie. Usijifiche, gari lake chafu, likikaa hapo utaona aibu kwa watu wako wa kuosha. Kaa kiti cha mbele. Vaa nguo za kazi. Usile huko, njoo na njaa, utakula samaki tu, wa moto wa jikoni. Na ukifika usinipe shikamoo, wala usinambie asante, wala usiniulize magoti. Pita moja kwa moja bandani, shika lile pande la mkunazi, kisha unambie kwanza kama jicho lililofinyika lilikuwa la kushoto.

Bibi yako,
Mahbuba